Mutumwa Aliyetia Alama ya X



Katika kitabu cha Esta, sura ya 6, kuna habari ya mufalme aliyekosa usingizi. Akaagiza walete kitabu cha habari za ufalme, wamusomee. Ndipo walipokuta jina la Mordekai, mutu aliyeokoa maisha ya mufalme. Watu wote walikuwa wamekwisha kusahau ile mambo. Lakini kitabu hakikusahau. Kama mwandishi wa siku ile angekuwa muvivu, Mordekai angetundikwa juu ya ule muti wa Hamani.

Mwezi huu nataka tuzungumuze juu ya kitabu kingine, ambacho hakimo katika Biblia. Ni kitabu cha hukumu za Tribinali Kubwa ya Marekani katika miaka ya 1800. Ndani yake muko hukumu nzuri, na muko hukumu mbaya sana. Na muko jina la mutumwa mumoja ambaye hakujua kuandika. Sababu gani sisi watu wa machimbo tujali habari ya mbali vile? Ngojeni, mutaona kule mwisho.

TRIBINALI PASIPO NYUMBA NA PASIPO KITABU

Ile Tribinali Kubwa ilikutana mara ya kwanza katika mwaka 1790, kule New York. Waamuzi, ao wazuzi kama tunavyozoea kusema, walikuwa 6 tu. Katika 1801 wakakutana Washington, muji mukubwa mupya wa serikali. Lakini hawakuwa na nyumba yao. Miaka mingi walikaa katika chumba cha chini cha nyumba ya Bunge, kama wageni. Nyumba yao wenyewe waliipata katika 1935 tu.

Hata kitabu hawakuwa nacho. Katika miaka ya kwanza hukumu nyingi zilisemwa kwa kinywa. Avoka mumoja, jina lake Alexander Dallas, ndiye aliyeanza kuziandika na kuzichapisha. Hakuna aliyemutuma, na hakuna aliyemulipa. Nyuma yake wakaja wengine: William Cranch, Henry Wheaton, Richard Peters, Benjamin Howard. Watu waliita vitabu kwa jina la mwandishi: «kitabu cha Cranch», «kitabu cha Wheaton». Katika 1817 Bunge likaona kwamba kazi hii ni ya lazima, likakubali kumulipa mwandishi dola 1000 kwa mwaka. Lakini likamuwekea sharti: achapishe hukumu upesi, asikae nazo.

Munaona? Hukumu isiyojulikana ni kama taa chini ya kitanda. Mutu atatii sheria namna gani kama haijui?

HUKUMU SI CHUMVI YA DUKA

Kisha palitokea ugomvi. Vitabu vya Wheaton vilikuwa vizuri sana, lakini bei yake ilikuwa kali. Peters, aliyemufuata katika kazi, akatoa vitabu vifupi vya bei ndogo, akatia ndani hukumu zile ambazo Wheaton alikuwa amekwisha kuzichapisha. Wheaton akakasirika, akamushitaki. Maneno yao yakafika mbele ya Tribinali Kubwa yenyewe, na katika 1834 waamuzi wakayakata.

Juu ya jambo moja waamuzi wote walikuwa na sauti moja: hakuna mwandishi anayeweza kusema kwamba maneno ya hukumu ya tribinali ni mali yake. Waamuzi wenyewe hawawezi kumupa ile haki. Kazi yake mwenyewe, kama maelezo aliyotunga, hiyo ni jambo lingine. Lakini hukumu ni ya watu wote. Si chumvi ya duka, kwamba mwenye feza anunue na mwenye kukosa arudi nyumbani mikono mitupu.

DRED NA HARRIET

Sasa tufike kwa ule mutumwa. Jina lake ni Dred Scott. Alizaliwa utumwani katika Virginia. Bwana wake, munganga wa jeshi, alitembea naye katika kazi zake, akamupeleka Illinois, pahali ambapo utumwa ulikatazwa. Kisha akamupeleka kaskazini zaidi, kwenye kambi ya askari ya Fort Snelling, na kule vilevile sheria ya inchi ya 1820 ilikataza utumwa. Kule Dred alioa Harriet, naye mutumwa. Mungu akawapa watoto wawili wanawake, Eliza na Lizzie.

Nyuma wakarudishwa Saint Louis, katika Missouri, inchi ya utumwa. Munganga akafa. Katika mwezi wa 4 wa mwaka 1846, Dred na Harriet waliingia katika tribinali ya Saint Louis. Walisema: tulikaa katika inchi ya uhuru, basi tuko watu huru. Dred hakujua kuandika. Juu ya karatasi ya mashitaka alitia alama ya X.

Fikirini ile alama. Baba mumoja, hana masomo, hana feza, lakini ana muke na watoto ambao wanaweza kuuzwa siku yoyote kama mbuzi. Hakushika panga. Alishika kalamu ambayo hakujua kuitumia, akaandika X.

Katika 1847 walishindwa. Katika 1850 walishinda, na tribinali ikasema wao ni huru. Lakini katika 1852 tribinali kubwa ya Missouri ikavunja ile hukumu. Wakaendelea. Mwisho maneno yakafika Washington. Mutu aliyeshitakiwa aliitwa Sanford, lakini katika kitabu wameandika «Sandford», na kosa lile linabaki mpaka leo. Waandishi nao ni watu.

Tarehe 6 mwezi wa 3, 1857, mukubwa wa waamuzi, Roger Taney, muzee wa karibu miaka 80, akasoma hukumu. Waamuzi 7 walikuwa juu ya Dred, 2 tu upande wake. Taney alisema kwamba mutu mweusi, uzao wa watumwa, hawezi kuwa raia wa Marekani, kwa hiyo hana ruhusa ya kufungua maneno mbele ya tribinali ya inchi. Tena akasema Bunge halikuwa na uwezo wa kukataza utumwa katika zile inchi mpya. Kumbe huyu Taney, zamani, alikuwa amewapa uhuru watumwa wake mwenyewe! Mutu anaweza kufanya vema nyumbani, na kukosea vikali akikaa juu ya kiti cha hukumu.

WAWILI WALIOKATAA

Katika Tribinali ile kuna desturi moja nzuri. Mwamuzi asiyekubali hukumu ya wenzake ana ruhusa ya kuandika sababu zake, na maneno yake yanachapishwa katika kitabu kilekile, pamoja na hukumu iliyoshinda.

Wawili walikataa: John McLean na Benjamin Curtis. Curtis alionyesha kwa ushuhuda wa sheria za zamani kwamba wakati inchi ilipoanza, watu weusi huru katika majimbo 5 walikuwa raia na walichagua viongozi pamoja na wazungu. Basi namna gani Taney anasema hawakuwa ndani ya taifa?

Curtis hakungojea. Alitoa maneno yake upesi, na gazeti la Boston likayachapisha. Lakini Taney alikuwa angali na karatasi yake mkononi, akiisahihisha na kuongeza kurasa. Curtis akaomba kopi ya hukumu, wakamukatalia. Wakaandikiana barua za uchungu. Katika mwaka uleule Curtis akaacha kazi ya uamuzi. Angalieni vizuri: ugomvi wao ulikuwa juu ya karatasi. Nani ataisoma? Lini? Na iliyoandikwa itakuwa sawasawa na iliyosemwa?

Na Dred? Katika mwezi wa 5 wa 1857, mutoto wa jamaa ile iliyomumiliki zamani akawapa uhuru, yeye na jamaa yake. Hakukula uhuru siku nyingi. Kifua kikuu kilimuua katika mwezi wa 9 wa 1858. Hakuona vita iliyovunja utumwa, hakuona sheria ya 1868 iliyoandika kwamba kila mutu aliyezaliwa Marekani ni raia. Sheria ile ilifuta hukumu ya Taney.

KICHUPA CHA WINO

Katika 1883 ile Tribinali ilivunja sheria ya 1875, iliyokataza kuwafukuza watu weusi katika hoteli, katika treni na katika nyumba za michezo. Waamuzi 8 walikubali kuivunja. Mumoja tu alikataa, John Marshall Harlan, mutu wa Kentucky aliyezaliwa katika nyumba yenye watumwa. Muke wake, Malvina, aliandika nyuma kwamba bwana wake alikuwa na mengi moyoni, lakini kalamu ilikataa kwenda. Nyumbani mwao mulikuwa kichupa cha wino cha Taney, kilekile alichoandikia hukumu ya Dred Scott. Siku moja ya Mungu, Harlan alipokuwa kanisani, Malvina alikisafisha, akatia wino, akakiweka juu ya meza. Harlan aliporudi na kukikuta, kalamu ikaanza kukimbia.

Kichupa kilekile! Kimoja kiliandika kufungwa, kikaandika kufunguliwa.

Katika 1896 Harlan alikataa tena, peke yake, wakati wenzake walipokubali kwamba weusi na wazungu watengwe katika treni. Alikufa katika 1911, hajashinda. Lakini maneno yake yalikaa katika kitabu. Thurgood Marshall, avoka aliyesimamia watoto weusi, aliyasoma ili kujipa nguvu. Na katika 1954 waamuzi wote 9 wakasema kwamba kutenga watoto katika masomo ni kinyume cha sheria. Miaka 58 mbegu ililala chini, kisha ikaota.

NA SISI JE?

Sasa niungame mbele yenu. Nilipokuwa muchungaji kijana katika muji mumoja wa machimbo, mujane mumoja alikuja mbele ya wazee wa kanisa. Mume wake alikuwa amekufa, na ndugu za marehemu walitaka parseli na nyumba. Tulikaa mangaribi mbili, tukasikiliza wote. Mwisho tukasema: nyumba ni ya mama na watoto wake. Wote wakakubali, wakapeana mikono, tukaomba. Kaye ilikuwa juu ya magoti yangu. Sikuandika kitu. Nilifikiri: neno la wakristo linatosha.

Miaka ikapita. Muzee mumoja akafa, mwingine akarudi muji wao. Ndugu za marehemu wakaja na maneno mengine, wakasema kanisa liliwapa wao. Mama akakimbia kwangu: «Muchungaji, karatasi iko wapi?» Sikuwa nayo. Nikaenda kusema kwa kinywa, hawakunisikiliza. Niliona godoro lake na masufuria juu ya kigari, watoto watatu nyuma. Siku ile nilielewa kazi ya Dallas na ya Peters.

Tangu siku ile, katika kanisa langu tunafanya hivi:

– Kila neno tunalolikata linaandikwa katika kaye, siku ileile, pamoja na tarehe na sababu.

– Linasomwa kwa sauti mbele ya wenye maneno, katika luga wanayosikia.

– Muzee asiyekubali, sababu zake zinaandikwa vilevile. Hatumuiti muasi. Pengine ni yeye anayeona mbali.

– Kila upande unapata kopi yake, bila kulipa. Hukumu si chumvi ya duka.

– Asiyejua kuandika anatia alama ya X ao kidole. Alama yake ni sawa na saini ya dokta.

Wazazi, wekeni vizuri karatasi za ndoa, za parseli na za kazi, na muke ajue zinalala wapi. Ninyi vijana munaosoma, kalamu yenu si ya mitihani tu. Waandikieni wazazi na wajane wa jirani.

Katika Yeremia sura ya 36, mufalme Yehoyakimu alikata kitabu cha nabii kwa kisu, akakitupa ndani ya moto. Alifikiri maneno imekwisha. Lakini Baruku akakaa chini na kalamu yake, akaandika tena yote, na mengine yakaongezwa. Ndugu, watu wa kuchoma karatasi hawatakosekana. Tuombe Mungu atupatie akina Baruku.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, karatasi gani inakosekana ambayo mama na watoto watahitaji kesho?

2. Je, tunamufanyia nini mutu anayesema «sikubali» katika mukutano wa kanisa ao wa jamaa?

3. Nani karibu nasi anatia alama ya X, na nani kati yetu atamufundisha kusoma?