Gildi ya Wanafunzi Makerere: Kazi Zake, Huduma Zake na Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Maswali ya kwanza tunayoulizwa na wanafunzi wapya mwanzoni mwa mwaka wa masomo hayahusu ngeli wala vina na mizani. Huulizwa mambo ya maisha. Chumba hupatikana vipi? Alama zangu zikikosekana kwenye orodha, nimwone nani? Kwa nini nalipa ada ya Gildi ilhali sijawahi kuitumia? Maswali haya yana jibu moja linaloyaunganisha, nalo ni Serikali ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, maarufu kwa jina la Gildi. Katika makala haya tunakusudia kueleza Gildi ni nini, inafanya kazi gani, na kwa nini mwanafunzi anayesoma Kiswahili asiione kuwa ni shughuli ya wanasiasa peke yao.

Gildi ni nini?

Gildi ni chombo cha wanafunzi wote. Mtu hajiungi nayo kwa kujaza fomu. Akishasajiliwa kuwa mwanafunzi, tayari ni mwanachama. Miongoni mwa ada za huduma anazolipa imo ya Gildi, na kwa hiyo huduma zake si fadhila bali ni haki aliyokwisha kuilipia.

Muundo wake unafanana na ule wa serikali. Juu kabisa yupo Rais wa Gildi, ambaye huchaguliwa na wanafunzi wote kwa muhula wa mwaka mmoja. Rais huunda baraza lake la mawaziri, kila waziri akiwa na jukumu lake, kama vile masomo, fedha, afya, michezo au habari. Sambamba na hao lipo Baraza la Wawakilishi, linaloongozwa na Spika. Wawakilishi hao hutoka kwenye mabweni na kwenye vitivo, na kazi yao kubwa ni kujadili bajeti ya Gildi na kuwahoji mawaziri.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Katika Makerere kila mwanafunzi huwekwa chini ya bweni fulani, hata kama analala kwa shangazi yake Ntinda au amepanga chumba Kikoni. Bweni hilo ndilo humtambua na ndilo humpa nafasi ya kuwakilishwa. Kwa hiyo anayesema "mimi bweni silijui" amejinyima mlango wa kwanza kabisa.

Mabweni yenyewe yana historia ya kujifunza. Bweni la Nsibirwa, ambalo zamani liliitwa Northcote, limepewa jina la Martin Luther Nsibirwa, Katikiro wa Buganda aliyeuawa Septemba 1945 baada ya kuunga mkono ardhi itolewe kwa ajili ya kupanua chuo. Bweni la wanaume la Lumumba na bweni la wanawake la Mary Stuart yana udugu wa miaka mingi, na wakazi wake kwa pamoja hujiita Lumbox. Udugu wa namna hii huonekana ni mchezo, lakini mara nyingi ndio humpa mgeni marafiki wa kwanza.

Ilikotoka

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Katika safari hiyo vyama vya wanafunzi vilikuwa shule nyingine ndani ya shule.

Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Akiwa na wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, alianzisha chama cha kutetea maslahi ya Watanganyika, na baadaye chama hicho kikaliachia nafasi tawi la TAA hapa chuoni. Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa Rais wa Kenya mwaka 2002, aliongoza chama cha wanafunzi Wakenya na pia alikuwa makamu mwenyekiti wa Gildi mwaka 1954 hadi 1955. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo huo, alifukuzwa chuoni. Baadaye alisomea Cambridge na akawa waziri.

Siku nyingine zilikuwa za msiba. Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili katika mgomo uliohusu posho za wanafunzi. Oktoba 2019 wanafunzi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waliandamana kupinga sera ya kuongeza karo kwa asilimia 15 kila mwaka, na askari wakaingia hadi mabwenini. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba karo, chakula na posho havijawahi kuwa mambo madogo. Pale ambapo njia ya mazungumzo iliziba, aliyeumia zaidi ni mwanafunzi.

Huduma na mahali pa kuzipata

Huduma za wanafunzi zimegawanyika. Nyingine hutolewa na uongozi wa chuo, nyingine na Gildi yenyewe, na mwanafunzi hupoteza muda mwingi kwa kubisha mlango usiohusika. Kwa hiyo tumezipanga kama ifuatavyo.

Makazi. Vyumba vya mabweni husimamiwa na uongozi wa chuo kupitia Mlezi wa Wanafunzi na wasimamizi wa mabweni. Viongozi wa bweni, ambao ni wanafunzi, hawagawi vyumba, lakini ndio wanaofuatilia maji yakikatika, taa zikizimika au usalama ukilegea. Anayetafuta hosteli nje ya chuo aanze kwa kuwauliza hao kabla ya kumpa mwenye nyumba pesa za muhula mzima.

Masomo. Alama zikikosekana, Gildi haiwezi kuziweka. Anayeweza ni mwalimu wa kozi, Mkuu wa Idara na hatimaye ofisi ya Msajili. Mwanafunzi aanze kwa mwalimu, apeleke barua, abaki na nakala yenye mhuri. Akiona wiki zinapita bila jibu, hapo ndipo amtafute mwakilishi wa kitivo chake katika Gildi. Mwakilishi mwenye nakala mkononi husikilizwa. Mwenye maneno matupu huambiwa arudi kesho. Jambo hili si dogo, kwa sababu kozi moja isiyo na alama yaweza kumzuia mtu kuhitimu pamoja na wenzake.

Afya na ushauri. Chuo kina hospitali yake, na pia kipo kitengo cha ushauri nasaha chini ya Mlezi wa Wanafunzi. Tunasisitiza hili la ushauri. Mwanafunzi aliyefiwa, aliyekosa karo au aliyelemewa na mawazo hana sababu ya kujifungia chumbani mpaka mitihani impite. Mazungumzo na mshauri ni siri yake.

Michezo. Ipo jumuiya ya michezo ya wanafunzi inayosimamia timu za chuo, kuanzia soka na netiboli hadi raga, ambako timu ya Impis inajulikana sana. Si lazima uwe bingwa. Mabweni hushindana yenyewe kwa yenyewe, na humo kila mtu ana nafasi.

Vyama. Vipo vya dini, vya wilaya na makabila, vya taaluma na vya wanafunzi kutoka nchi jirani. Mwanafunzi Mkenya, Mtanzania au Mnyarwanda anayehangaikia kibali chake cha masomo kutoka Uhamiaji atapata msaada wa haraka kwa wenzake waliokwisha kupita njia hiyo.

Baraza la Chuo

Nguvu kubwa ya Gildi haimo kwenye vipaza sauti vya kampeni. Imo katika chumba cha mkutano. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 imewapa wanafunzi uwakilishi ndani ya Baraza la Chuo, chombo kinachopitisha karo na bajeti. Huko ndiko suala la karo huamuliwa kabla halijafika barazani mwa mabweni. Mwakilishi anayeingia humo bila takwimu na bila kujua hali ya wenzake atakaa kimya, na kimya chake kitahesabiwa kuwa ni ridhaa ya wanafunzi wote.

Ndiyo maana uchaguzi wa Gildi ni jambo zito. Julai 2022 mwanafunzi mmoja aliuawa katika vurugu za kampeni, na uongozi wa chuo ukasimamisha uchaguzi pamoja na Gildi yenyewe. Uchaguzi uliporudishwa, mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku na wagombea wakatakiwa kujinadi mtandaoni. Wako waliosema kuwa hatua hiyo imeua msisimko, na wako waliosema kuwa imeokoa maisha. Kwa maoni yetu, hakuna wadhifa wa mwaka mmoja unaostahili damu ya mtu. Hata hivyo, pasipo mikutano, mpiga kura ana wajibu zaidi: hana budi kusoma sera za mgombea mwenyewe, asingoje kubebwa na tarumbeta.

Na Kiswahili je?

Shughuli za Gildi huendeshwa kwa Kiingereza, huku Kiganda kikitawala utani na nyimbo za mabweni. Kiswahili husikika kwa wanafunzi wageni na kwa wale wanaokisoma. Lakini lugha hii ina nafasi yake kisheria. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliiingiza katika lugha rasmi za Jumuiya. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa uamuzi huo. Mwaka 2021 pia UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Maazimio hayo hayataongea yenyewe. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuomba ukumbi kupitia Gildi wakaandaa mdahalo, igizo au jioni ya ushairi. Wanaweza kumwomba Waziri wa Habari matangazo yatolewe kwa Kiswahili pia. Wanaweza kushiriki katika CHAWAKAMA, Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambamo wenzao wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi wamo. Tena mwanafunzi aliyewahi kuandika kumbukumbu za kikao, kusimamia bajeti ndogo na kumjibu Spika kwa adabu amejifunza matumizi ya lugha ambayo sisi darasani hatuwezi kuyafundisha yote.

Ushauri wetu

Tunawaomba wanafunzi wetu wafanye mambo matatu kabla ya wiki ya nne ya muhula. Kwanza, kila mmoja ajue jina la mwakilishi wa bweni lake na wa kitivo chake. Pili, kila lalamiko liandikwe, liwe na tarehe na nakala. Tatu, kura ipigwe. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi; nasi twaongeza kwamba barua isiyoandikwa haijibiwi.

Walimu nasi tuna sehemu yetu. Mwanafunzi anapokuja ofisini na shida isiyo ya kimasomo, tusimwambie tu kwamba hilo halituhusu. Tumwoneshe mlango unaohusika.

Tunawatakia nyote mwaka mwema wa masomo.