Mkono wa Mtu na Kazi ya Mtambo: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza jinsi programu moja ya kompyuta iwezavyo kuitunga nyingine. Leo yatupasa tuutazame msiba ambao aghalabu humfika mwanagenzi, nao ni kuitia mkono hati iliyoandikwa na mtambo (yaani hiyo programu itungayo), ambayo mtambo huo utaiandika tena bila ya kumwuliza mtu.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, chukulia kwamba wahoji wapita nyumba kwa nyumba na simu zenye dodoso la XLSForm: maswali huandikwa katika jedwali la Excel, kisha mtambo huligeuza kuwa hati ya XML, ambayo ndiyo isomwayo na simu. Karani mmoja aona kosa katika maneno ya Kiturkana, na kwa haraka aliyo nayo aifungua ile XML akasahihisha humo humo. Keshoye mwenziwe aliyeko Lodwar, mwendo wa kilomita mia na ushei, aongeza swali katika jedwali na kuligeuza upya. Kosa larejea mahali pake, wala hapana onyo, kwa kuwa mtambo umetenda ulivyoamriwa. Sahihisho lile lilistahili kutiwa katika jedwali, ambamo kila lugha ina safu yake.

Kwa waandishi wa programu hasa, kama vijana wasomao Loropio, ukingoni mwa Ziwa Turkana, katika majengo aliyoyasanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, jambo hili ni zito zaidi, madhali ziko kanuni za kazi ambazo sharti ziandikwe kwa mkono. Baadhi ya mitambo hutenga ndani ya hati uwanja wenye alama, na kuahidi kutougusa. Hila hiyo siipendi, kwani alama ikifutika, kazi nayo hupotea. Bora njia aliyoieleza John Vlissides katika miaka ya 1990: mtambo uwe na klasi yake ya msingi katika faili lake, na mtu aandike klasi irithiyo katika faili jingine, ambalo mtambo hauliandiki abadan.

Wako wasemao kwamba hati ya mtambo isiwekwe katika Git, ghala la kutunzia matoleo ya hati, kwa kuwa yaweza kuzalishwa wakati wowote. Penye intaneti ya kusuasua, ambapo kuupakua mtambo upya ni taabu, naona heri iwekwe, pamoja na toleo la mtambo uliotumika; tena tofauti ya nakala ya jana na ya leo humfichua aliyetia mkono. Namna ya kuisoma tofauti hiyo, inshallah, nitaieleza juma lijalo.