Kaboni Inayoanzia Jikoni

Nyayo za kaboni ni jumla ya gesi zinazoongeza joto la dunia kutokana na maisha ya mtu mmoja: anachopikia, anachopanda kwenda kazini, anachokula, anachowasha nyumbani na anachotupa. Iliyo nyingi kuliko zote ni hewa ya ukaa, inayotoka kila kinapoungua kitu chenye kaboni, kiwe petroli, gesi, kuni au mkaa. Ipo pia methani, inayotoka matumboni mwa ng'ombe, kwenye majaruba ya mpunga na kwenye majalala, na zipo gesi za majokofu na viyoyozi. Ili zijumlishwe pamoja, kila moja hugeuzwa kuwa kilo za hewa ya ukaa ambazo zingeleta joto sawa na lake.

Katika majedwali ya mataifa, Mmarekani wa kawaida huandikiwa karibu tani 14 kwa mwaka na wastani wa dunia ni karibu tani 5, lakini Mtanzania na Mkenya hawafikii hata nusu tani. Anayesoma takwimu hizo anaweza kudhani habari hizi ni za watu wengine. Tarakimu hizo, hata hivyo, huhesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji tu. Mkaa na kuni havimo, kwa sababu kaboni ya mti huandikwa kwenye daftari jingine, la misitu na matumizi ya ardhi. Kwa familia ya Dar es Salaam au Mwanza inayopikia mkaa, sehemu kubwa ya nyayo zake imejificha humo.

Hesabu ya mkaa si ngumu. Karibu robo tatu ya uzito wake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua huungana na oksijeni na kuwa kilo 3.7 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya mkaa ikiteketea jikoni hutoa kilo zisizopungua 2.5, na mara nyingi hukaribia 3. Familia inayotumia kilo 2 kwa siku hufikisha karibu tani 2 kwa mwaka, na hapo tanuri lenyewe bado halijahesabiwa.

Huko porini mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani kisha udongo, huacha matundu ya hewa na kuwasha upande mmoja. Kwa siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, hukaa karibu akiusoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji ya kuni yanayotoka; ukigeuka mwembamba wenye rangi ya buluu, mkaa umeiva. Udongo ukipasuka usiku naye kapitiwa na usingizi, hewa huingia na asubuhi hukuta majivu. Hata mambo yakienda vizuri, tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti huondoka na moshi, na kwa kuwa moto wa tanuri hubanwa hewa, moshi huo hubeba methani, ambayo nguvu yake ya kupasha joto katika miaka 100 ni zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa. Kila kisado cha mkaa kinachookolewa mjini kinaokoa kilo kadhaa za kuni kijijini.

Kuokoa huko huanzia kwenye jiko. Jiko la bati tupu hupasha joto ukuta, sakafu na miguu ya mpishi kabla halijaipasha sufuria. Jiko la kauri, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina kiuno chembamba na ndani limewekewa udongo uliochomwa, hivyo joto hubaki kwenye makaa. Likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu. Tatizo ni yale yaliyotengenezwa ovyo yanayopangwa kando ya barabara: udongo wake hupata ufa baada ya wiki chache, na kauri ikishabomoka, mwenye jiko anapikia bati kama zamani, tofauti yake ni kwamba amelipa zaidi.

Baada ya jiko huja mazoea. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi kuliko yaliyotoka moja kwa moja kwenye mfuko. Sufuria yenye mfuniko hutumia moto mdogo kuliko iliyo wazi, ingawa ugali husongwa wazi na hakuna ushauri wa kitaalamu utakaobadilisha hilo. Wali au makande yaliyokwisha kuchemka sawasawa yanaweza kuondolewa motoni na kutumbukizwa na sufuria yake katika kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu, yakamalizikia humo kwa joto lake yenyewe. Wengi pia huacha makaa yafe yenyewe baada ya chakula kuiva. Makaa yaliyofunikwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa huzimika na kutumika tena kesho, na anayepika mara mbili kwa siku ataiona faida hiyo kwenye gunia kabla ya mwezi kuisha.

Hatua kubwa zaidi ni kuuacha mkaa wenyewe. Gesi ya mtungi hutokana na mafuta ya petroli na gesi asilia, na kilo moja ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ya ukaa, sawa na mkaa. Kinachoitofautisha ni kwamba kilo hiyo ina nishati mara moja na nusu ya kilo ya mkaa, moto wake hulenga sufuria, na huzimwa pale pale chakula kinapoiva. Nyumba inayomaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi hutoa kama nusu tani kwa mwaka, robo ya zile tani 2 za mkaa. Moshi nao huondoka jikoni, jambo ambalo kwa mama na watoto ni kubwa kuliko hesabu yoyote ya kaboni: Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Umeme unaweza kushinda gesi. Presha kuka ya umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti ya umeme, mara nyingi pungufu. Hata kama uniti zote zingetoka kwenye mtambo wa gesi asilia, hiyo ni kama robo kilo ya hewa ya ukaa. Maharage hayo hayo yakikaa juu ya mkaa kwa saa mbili au tatu yanaweza kula kilo nzima ya mkaa. Tena gridi zenyewe zinazidi kuwa safi. Nchini Kenya karibu asilimia 90 ya umeme hutoka kwenye joto la ardhini la Olkaria, maji, upepo na jua, na nchini Tanzania Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Wengi bado wanaamini kupikia umeme ni kufilisika. Imani hiyo ilikuwa na haki yake enzi za majiko ya koili, ila haistahili kubebeshwa presha kuka, ambayo hujikata yenyewe joto likitosha.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa kuanzia mwishoni mwa Januari 2024, na Mei mwaka huo ikazindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kikwazo cha familia maskini kinajulikana: mkaa unauzwa kwa kopo, kulingana na pesa ya leo, ilhali gesi inadai bei ya mtungi mzima kwa mkupuo. Mama lishe hakosi elimu ya mazingira. Anakosa hizo elfu kadhaa zikiwa pamoja siku moja.

Kwa tabaka jingine la mjini, lenye gari, jiko si tatizo kuu tena. Lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100, likienda na kurudi kilomita 40 kwa siku za kazi 250, hutoa tani 2.3 kwa mwaka likiwa limebeba mtu mmoja na mkoba wake, na hapo foleni haijahesabiwa. Basi dogo la dizeli linaweza kunywa mafuta maradufu ya hayo, lakini limebeba watu 30, na mgawo wa kila mmoja hauzidi sehemu ya kumi ya ule wa mwenye gari. Abiria anayening'inia kwenye daladala hajui kuwa anafanya kazi ya mazingira, ila ndiyo anayoifanya. Kwa safari ndefu, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024 inampa msafiri njia isiyokuwapo kabla. Ndege ina hesabu yake ya pekee: safari moja ya kwenda London na kurudi humwongezea abiria zaidi ya tani moja.

Gesi za kupozea hazionekani wala hazinuki, na ndiyo maana hazizungumzwi. Kilo moja ya gesi ya viyoyozi ya aina ya R-22 ikivuja ni sawa na takriban kilo 1,800 za hewa ya ukaa. R-410A ni kama kilo 2,000. Kiyoyozi cha chumba kimoja huweza kubeba karibu kilo nzima. Gesi hiyo haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, bali huzunguka ndani ya mabomba miaka yote. Fundi anayeitwa kila mwaka "kuongeza gesi" anaongeza mahali panapovuja. Kumlipa azibe tundu kwanza ni mojawapo ya hatua za bei nafuu kuliko zote katika orodha hii. Kupunguzwa kwa gesi za jamii ya R-410A kulikubaliwa na mataifa mjini Kigali Oktoba 2016, lakini majokofu na viyoyozi vya mtumba bado vinaingia na gesi za zamani.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Kilo ya nyama ya ng'ombe hubeba makumi ya kilo za hewa ya ukaa, ya kunde au maharage huwa kama moja au mbili tu. Familia inayokula nyama sikukuu hadi sikukuu haina la kupunguza hapo. Anayekula nyama choma kila Ijumaa na Jumamosi analo. Mabaki yanayotupwa jalalani hufukiwa, huoza bila hewa na kutoa methani, ilhali yakigeuzwa mboji huoza kwa hewa na kurutubisha bustani. Kwenye mwanga wa nyumbani, taa ya LED ya wati 9 badala ya balbu ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, huokoa zaidi ya uniti 90 kwa mwaka. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara mwaka 2019, iliziba mitaro na kuua mifugo, lakini kwenye hesabu ya kaboni ilikuwa kitu kidogo sana.

Hatua za mtu mmoja pia zina mpaka. Mzanzibari akihamia Muscat, nyayo zake huweza kuongezeka mara nyingi bila yeye kubadilika tabia, kwa kuwa kule umeme unatokana hasa na gesi asilia, joto halivumiliki bila kiyoyozi na kila safari ni ya gari. Ikumbukwe pia kwamba kikokotoo cha nyayo za kaboni kilivumishwa na kampuni ya mafuta ya BP mwaka 2004, na hesabu yake humtazama mtu binafsi kuliko muuza mafuta.

Anayetafuta fidia hukimbilia kupanda miti. Kwa makadirio ya kawaida mti uliokomaa hufyonza kilo 20 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka, hivyo zile tani 2 za mkaa zinataka miti 100 iliyokomaa, na miche mingi ya sherehe hukauka kabla ya msimu wa pili. Katika misitu ya miombo ipo njia isiyo na sherehe: kisiki kilichokatwa vizuri, kisichochomwa moto wala kulimwa, huchipua chenyewe, kwa sababu mizizi yake tayari imefika kwenye maji.