Hospitali ya vita vya Tanga ilikuwa wapi?

Mkazi wa Nguvumali akizidiwa usiku, bodaboda au gari la jirani humkimbiza Bombo. Hiyo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na watu wa Tanga wameizoea kiasi kwamba wachache huuliza pale palikuwa na nini zamani. Upande wa genge linalotazama ghuba lipo jengo la kale lenye mabaraza marefu, linaloitwa Cliff Block. Wajerumani walilijenga liwe hospitali. Je, humo ndimo walimotibiwa majeruhi wa vita vya Novemba 1914? Naamini ndimo, ila jibu hilo linawatosha baadhi tu ya majeruhi. Wengine tunapaswa kuwatafuta kwingine.

Tuanze na vita vyenyewe, kwa ufupi. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia ghubani na kudai mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuja meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Usiku huo walianza kushuka Ras Kasone, Raskazone ya leo. Kanali Paul von Lettow-Vorbeck aliwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, wakateremkia Kange, kilomita chache kabla ya mji, huko huko tunakopandia mabasi ya mikoani siku hizi. Hata kikosi chake kilipokamilika, hakikuzidi sana watu 1,000. Tarehe 4 Waingereza walishambulia, wakashindwa, na kesho yake wakarudi melini. Waliouawa na kujeruhiwa upande wao walizidi 800.

Sasa hospitali. Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka kwa Lettow-Vorbeck mwenyewe. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi alivyopanda baiskeli pamoja na wenzake usiku wa kuamkia tarehe 4 kwenda kuwapeleleza adui. Aliupita mji uliokuwa mtupu, akafika bandarini, kisha akaelekea Ras Kasone. Baiskeli wakaziacha kwenye hospitali ya serikali ya Wajerumani, wakaenda kwa miguu hadi ufukweni, ambako waliiona meli ya adui kwa karibu. Walipokuwa wakirudi, walisikia sauti ya mlinzi wa Kihindi.

Maelezo hayo yana thamani kwa sababu msimuliaji hakuwa akijaribu kuthibitisha mahali pa hospitali. Anaitaja tu kama kituo cha njiani, na hana sababu ya kudanganya. Tukiyafuata, hospitali lazima iwe mashariki ya mji, kwenye njia ya Raskazone, na iwe karibu na bahari kiasi cha mtu kushuka kwa miguu. Bombo inatimiza masharti yote matatu. Hakuna jengo jingine la hospitali ya Kijerumani ninalolijua kwenye njia hiyo linaloyatimiza.

Kuna kidokezo cha pili. Siku ya vita Wajerumani walijipanga kwenye ukingo wa mashariki wa mji, wakitumia reli na mfereji wake kama boma. Kwa hiyo hospitali iliyokuwa njiani kuelekea Raskazone ilibaki mbele ya mstari wao, upande alikotokea adui. Hapo ndipo linapoeleweka jambo ambalo vitabu kadhaa vya historia vinalisimulia: kwamba Fox ilipofyatua mizinga kuusaidia upande wake, kombora moja liliipiga hospitali iliyokwisha kujaa majeruhi. Miti ilikuwa mingi na wapiga mizinga hawakuona vizuri walikolenga. Jengo lililokaa juu ya genge, likitazama maji, halina cha kulikinga na meli iliyomo ghubani. Masimulizi ya kombora na umbile la mahali vinaafikiana.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Kwenye visiwa vya Pasifiki, kama Espiritu Santo huko Vanuatu, watafiti wanaotafuta hospitali za Wamarekani za Vita vya Pili vya Dunia hupata shida ya aina nyingine. Majengo yalikuwa ya mabati, yakang'olewa vita vilipokwisha, na msituni hubaki sakafu za zege tu. Sisi jengo tunalo. Tatizo letu ni kwamba jengo lenyewe limetufanya tuache kuuliza kama majeruhi walitibiwa mahali pengine pia.

Majeruhi wa vita hapelekwi moja kwa moja hospitali kuu. Kwanza anafungwa jeraha karibu na alipoangukia, halafu wachukuzi wa machela humfikisha kwenye kituo cha matibabu nyuma ya mapigano, na hospitali huja mwisho. Kwa Waingereza, mwisho wa safari hiyo ulikuwa melini, kwa hiyo vituo vyao lazima viwe kati ya Bombo na ufuko wa Raskazone. Wale waliokuwa hoi mno kusafirishwa waliachwa tarehe 5, kwa makubaliano, mikononi mwa Wajerumani. Hao ndio waliolazwa mjini pamoja na maadui zao.

Na askari Waafrika je? Katika makaburi ya Wajerumani mjini Tanga wamezikwa Wajerumani 16 na askari Waafrika 48 waliokufa katika vita hivyo. Kwa kila Mjerumani mmoja, askari watatu. Ni haki kudhani kwamba na majeruhi walikuwa kwa uwiano wa namna hiyo. Walilazwa wapi? Utawala wa Kijerumani ulitenganisha matibabu kwa rangi. Dar es Salaam Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, iliyofunguliwa 1897, na Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Sioni sababu ya kuamini kwamba Tanga ilifuata desturi nyingine wakati wa amani. Vita huenda vililegeza mpaka huo kwa siku mbili tatu, kwa kuwa damu haingojei kibali, lakini anayedai hivyo anapaswa kuleta ushahidi.

Ndiyo maana nasema tutafute mahali pa pili, na pengine pa tatu. Reli iliyowaleta askari ilikuwa pia njia nyepesi ya kuwaondoa majeruhi kwenda bara, hivyo Kange inastahili kuchunguzwa pamoja na stesheni za mbele yake. Ramani za Wajerumani zilinganishwe na picha za satelaiti kwa kutumia alama zisizohama: kisiwa cha Toten, Ras Kasone, na njia ya reli. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Kijerumani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hazina kubwa ya picha za makoloni, na nyingi zinaonekana mtandaoni. Picha ya Tanga inayoonyesha ghuba nyuma ya jengo inaweza kupimwa leo: simama pale, tazama kisiwa kinaangukia wapi, na utajua mpigapicha alisimama wapi.

Kisha kuna wazee. Miongoni mwa askari wa Wajerumani walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani, na baadhi ya familia hizo zimo katika miji yetu. Babu aliyepigwa risasi Tanga akapona alibaki na kovu, na kovu huulizwa na wajukuu. Hadithi ya kovu hilo inaweza kutaja mwembe, ghala au stesheni ambayo hakuna afisa aliyeiandika. Ikusanywe pamoja na jina la msimuliaji na jina la mahali kama anavyolitamka yeye, na nakala ipelekwe kituo cha Urithi pale mjini Tanga, ambako mwanafunzi kutoka Nguvumali anaweza kufika na kuisoma bila kusafiri hadi Dar es Salaam wala Frankfurt.