Gitaa la Besi la Nyuzi Tano: Usikilize Kwanza Uzi Mnene

Ikiwa kijana wako amekuambia kwamba kwaya yao au bendi yao yataka gitaa la besi, tena lisiwe la nyuzi nne bali la nyuzi tano, usimkatalie upesi wala usimpe fedha upesi. Kwa familia ya Lugoba, Msata au Kiwangwa, fedha ya kununulia chombo hicho ni fedha ya msimu mzima wa nanasi au wa ufuta, na yamkini mama naye alikwisha kuipangia mabati. Basi yafaa ujue unanunua kitu gani. Wako wanaorudi Chalinze kutoka Dar es Salaam na gitaa la kung'aa, nyuzi nne zalia vizuri, na huo wa tano wanguruma tu kama lori lililoshindwa na mlima. Fedha ya uzi wa tano imelipwa, na uzi wenyewe haupo.

Besi ya umeme tunayoijua leo ilianza kuuzwa na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Ilikuwa na nyuzi nne, nazo kuanzia ule mnene ni E, A, D na G. Mwaka 1965 kampuni ya Fender ilitoa besi ya nyuzi tano, lakini uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa sauti ya juu, na watu hawakuipenda sana. Ule uzi mnene wa B, ambao ndio vijana wanaoutaka sasa, ulianza kuonekana katika besi za mafundi wa Marekani katika miaka ya 1970, na ulizoeleka duniani baadaye. Kwa hiyo wale waliotuchezesha kwa redio zamani, NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964, na Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, hawakuwa na uzi huo, na watu walicheza mpaka alfajiri. Nasema haya si kwa kumvunja moyo kijana. Nasema ili baba awe na swali la kwanza la kumwuliza: uzi wa tano ni wa kazi gani?

Jibu limo katika daftari la nyimbo. Mwambie kijana alete daftari la kwaya, mtazame juu ya kila wimbo pale palipoandikwa Doh ni nini. Wimbo ukiwa Doh ni F, G au A, besi ya nyuzi nne inayo ile Doh ya chini kabisa, nayo yatosha. Lakini Doh ikiwa ni E flati, D au C, besi ya nyuzi nne haiwezi kuishukia, kwa kuwa sauti yake ya mwisho chini ni E. Mpigaji yampasa aipande Doh ya juu yake, na mwisho wa wimbo, pale sikio linapongoja kishindo cha chini, besi yaishia hewani. Uzi wa B ndio unaoziba pengo hilo: C yapatikana katika kituo cha kwanza cha uzi huo, D katika cha tatu, na E flati katika cha nne.

Basi hesabuni nyimbo ishirini mnazoziimba mara nyingi. Kama kumi na tano ni za F, G na A, mimi naona nunueni nyuzi nne, fedha inayobaki iende kwenye spika. Kama nyingi ni za D na E flati, kijana anayo haki. Kwa wale wa dansi na taarabu ya kisasa, waimbaji ndio wanaoamua sauti, na mpiga kinanda aweza kuihamisha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Huko uzi wa tano una kazi zaidi.

Ipo na njia ya katikati, ambayo wenye maduka hawaitaji. Chukua besi nzuri ya nyuzi nne, nunua seti ya nyuzi tano, uache ule mwembamba wa G, kisha utie B, E, A na D. Kile kijino cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi kitahitaji kupanuliwa vijia vyake kwa tupa ndogo, kwani nyuzi hizo ni nene kuliko zile za kwanza, na shingo nayo huenda ikataka kurekebishwa. Utaipata ile B ya chini, utaukosa uzi wa G, ambao kwa nyimbo nyingi za kwaya si hasara kubwa. Mwenye fedha kidogo asiidharau njia hiyo.

Sasa tuseme mmeamua nyuzi tano. Kosa la kwanza ni kutoa fedha yote kwa gitaa lenyewe. Ukiwa na kumi, saba ziwe za gitaa, tatu zibaki kwa waya, mkanda, seti moja ya nyuzi za akiba na nauli. Kosa la pili, nalo ndilo kubwa kwetu watu wa njia panda, ni kumpa fedha kondakta wa basi ili alete gitaa kutoka Kariakoo. Kondakta aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini hajui kusikiliza uzi wa B. Nenda mwenyewe na kijana, mkamshike na mtu anayepiga. Walio karibu na Bagamoyo wanayo bahati: kile Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chafundisha muziki. Ukimwomba kwa heshima mtu aliyesomea huko akusindikize dukani, umejiepusha na mengi.

Mkifika dukani msianze na rangi, wala na jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Majina makubwa kama Fender na Ibanez huigizwa, na gitaa la jina dogo laweza kulia vizuri kuliko la kuigiza. Chukua futi ya fundi cherehani, pima tangu kile kijino cha juu mpaka kile chuma cha kumi na mbili shingoni. Ipasavyo upate sentimita 43 hivi, maana urefu wote wa uzi ni mara mbili yake, yaani 86. Sababu yake ni hii: uzi wa B hutikisika mara 31 hivi kwa sekunde, na uzi wa E mara 41. Uzi wa kutikisika polepole hivyo hutaka unene na urefu. Ukiwa mfupi hulegea, na ukilegea haulii, wanguruma. Ziko besi fupi za sentimita 76. Ni nyepesi, hupendwa na watoto, lakini kwa uzi wa B ni taabu.

Kisha usikilize. Bonyeza uzi wa B katika kituo cha tano, upige. Halafu piga uzi wa E ulio wazi. Sauti hizo mbili ni moja, na zipasa zifanane kwa nguvu pia. Ikiwa ile ya B ni dhaifu au ina matope, piga tena kwa kutumia nyuzi mpya, maana huenda ni uchakavu wa uzi tu. Ikibaki vilevile, rudisha gitaa ukutani. Piga sasa B wazi, kisha B hiyohiyo katika kituo cha kumi na mbili. Ya pili iwe ileile ila oktava moja juu. Ikikosea kidogo, hurekebishwa kwa bisibisi pale nyuzi zinapofungwa chini. Fanya hivyo kwa nyuzi zote tano, hata mwenye duka akichoka.

Shingo itazame kama seremala anavyotazama ubao, jicho moja limefungwa. Ikiwa imepinda kidogo sana kwenda mbele, si ugonjwa. Ndani yake mna chuma kinachozungushwa ili kuinyosha. Ikiwa imesokoteka kama kamba, achana nayo kwa bei yoyote. Pitisha kiganja kando ya shingo, usikie kama ncha za vyuma zakwaruza. Vaa mkanda, achia mikono: kichwa kikianguka chini chenyewe, mkono wa kushoto utafanya kazi ya kubeba badala ya kupiga, na besi hizi huwa na uzito wa kilo nne mpaka tano.

Uliza kama lina betri. Mengi ya nyuzi tano yana betri ya volti 9 ndani, ya kuongeza nguvu ya sauti. Si ubaya, ila waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekwisha na gitaa ni bubu. Lisilo na betri lina taabu chache kijijini. Uliza pia kama wanauza uzi wa B peke yake. Unene wake ni milimita 3.3 hivi, wala usidhani utaupata katika duka la nyuzi za gitaa la kawaida.

Sauti itokee wapi? Msiipige besi ya nyuzi tano kwa nguvu katika redio ya nyumbani au spika ndogo, mtaipasua. Kama kwaya ina miksa na spika kubwa, chomekeni humo kwa sauti ya kiasi. Na kabla ya yote hayo, kama gitaa ni la kupigwa katika Misa, mwalimu wa kwaya azungumze na paroko. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia ya mwaka 1963 imekipa kinanda cha filimbi heshima ya kwanza, na vyombo vingine vyaruhusiwa kwa ridhaa ya wenye mamlaka.

Kijana afundishwe mapema kulaza kidole gumba juu ya uzi wa B wakati anapopiga nyuzi nyingine, kwani uzi huo hujitikisikia wenyewe na kuchafua wimbo. Kwa hewa yetu ya pwani nyuzi hupata kutu; zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Zikififia, wapigaji wengi huzifungua, huzichemsha kama dakika kumi, huzikausha vizuri na kuzirudisha. Zitalia tena kwa muda, na seti mpya itangoja.

Siku ya kurudi, gitaa lisiingie buti la basi chini ya magunia. Lipakate, shingo juu, mpaka Chalinze. Na nyumbani lisiegemezwe kwenye ukuta wa bati wala karibu na jiko. Litundikwe ndani ya chumba penye kivuli, juu kuliko wafikavyo watoto.