Mkoba na Jina Lake: Mitindo ya Msimu Mpya Machoni pa Mwanafunzi wa Lugha

Kila mwaka, nyumba kubwa za mitindo za Paris na Milano hutoa mikoba mipya ya wanawake, na kila mkoba hutoka na jina lake. Huenda msomaji akauliza: habari hizo zinahusu nini kitivo cha lugha? Jibu ni kwamba kinachouzwa kwa bei kubwa si ngozi peke yake. Ngozi nzuri hupatikana pengine pia. Kinachouzwa ni jina, na majina ni kazi yetu sisi.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Kiswahili sanifu kina *mkoba*, mfuko ambao zamani ulikuwa wa ngozi na ambao mganga alibebea dawa zake. Ndiyo maana magazeti ya Tanzania husema kocha mpya «amerithi mikoba» ya yule aliyeondoka, yaani amechukua nafasi yake. Dar es Salaam husema pia *pochi*. Sisi Lubumbashi tunasema *sakoshi*, kutoka Kifaransa *sacoche*, na wingi wake tunautengeneza kwa *ma-*: *masakoshi*. Neno limefika kutoka mbali, limepewa silabi zinazoishia kwa irabu, limepata wingi, na leo mama wa sokoni halioni kuwa la kigeni.

Msimu ni wa nani?

Neno *msimu* limetoka Kiarabu, *mawsim*, na limetufikia pamoja na pepo za bahari zilizoendesha vyombo vya biashara. Kifaransa *mousson* kina asili hiyohiyo. Kwa hiyo tangu mwanzo msimu ni wakati wa hali ya hewa na wakati wa biashara pia.

Katika mitindo, biashara imeshinda. Kuna misimu mikuu miwili: mavazi ya machipuko na kiangazi huonyeshwa Septemba na Oktoba ya mwaka uliotangulia, na yale ya majani kupukutika na baridi huonyeshwa Februari na Machi. Mkoba wa «kiangazi» ukifika dukani Ulaya, Katanga bado kuna mvua. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeambiwa sakoshi yake ni ya msimu uliopita anapimwa kwa kalenda isiyo na uhusiano wowote na mawingu ya kwake.

Maonyesho ya Septemba na Oktoba 2025, yaliyotayarisha msimu wa kiangazi 2026, yalikuwa na jambo la pekee: wabunifu wengi walirithi mikoba kwa maana zote mbili. Matthieu Blazy alionyesha mavazi yake ya kwanza Chanel, Jonathan Anderson mavazi yake ya kwanza ya wanawake Dior, Pierpaolo Piccioli akaanza Balenciaga, Louise Trotter akaanza Bottega Veneta.

Kuhusu umbo, mambo matatu yanaonekana katika miaka hii. La kwanza ni mikoba mirefu na myembamba, iliyolala kwa upana na kubanwa kwapani. La pili ni ngozi iliyosuguliwa mpaka ikawa laini kama mahameli. La tatu ni vidoli na vishaufu vinavyoning'inizwa kwenye mpini, kama Labubu, kidoli cha msanii Kasing Lung kinachouzwa na kampuni ya Kichina Pop Mart. Wafaransa huviita vishaufu hivyo *grigri*, neno lililotoka Afrika Magharibi na maana yake ni hirizi. Mkoba wa mganga haujaenda mbali.

Njia nne za kutaja mkoba

Tukichunguza majina yenyewe, tunaona njia nne.

Njia ya kwanza ni tarehe. Coco Chanel alitoa mkoba wake wenye mnyororo Februari 1955, nao ukaitwa 2.55. Nyumba hiyo imeendelea na desturi hiyo: Chanel 22 ya mwaka 2022, kisha Chanel 25 ya mwaka 2025.

Njia ya pili ni kazi. Noé ya Louis Vuitton, ya mwaka 1932, ilitengenezwa kwa kubebea chupa tano za shampeni, na jina lake ni la Nuhu, mpanda mizabibu wa Biblia. Speedy ya mwaka 1930 inasifu mwendo wa haraka.

Njia ya tatu ni mfano. Silvia Venturini Fendi alitoa Baguette mwaka 1997, mkoba mdogo unaobanwa chini ya kwapa kama Mfaransa anavyobana mkate wake. Hapa hatuhitaji maelezo, kwa sababu mkate huo tunaununua kila asubuhi.

Njia ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote: jina la mtu. Mwaka 1956 Grace Kelly alipigwa picha akificha mimba yake nyuma ya mkoba wa Hermès, na mwaka 1977 mkoba ukaitwa rasmi Kelly. Mwaka 1995 Bernadette Chirac alimzawadia Diana, binti mfalme wa Wales, mkoba wa Dior ulioitwa Chouchou. Mwaka uliofuata uliitwa Lady Dior. Naye Jane Birkin alikutana ndani ya ndege na Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, akamlalamikia kwamba hapati mkoba wa kumtosha mama mwenye mtoto. Birkin ya kwanza ilitoka 1984.

Sarufi inafichua

Hapa Kiswahili kinatuonyesha jambo ambalo Kifaransa hakionyeshi wazi namna hii. Jina la mtu likiwa la mtu, linapatanishwa katika ngeli ya A-WA. Likiwa la mkoba, linahamia ngeli ya I-ZI. Linganisha:

*Birkin alifariki mwaka 2023.*
*Birkin iliuzwa mwaka 2025.*

Sentensi zote mbili ni za kweli. Ya kwanza ni ya mwanamke, mwimbaji na mwigizaji. Ya pili ni ya mkoba wake wa kwanza kabisa, ulionunuliwa Paris kwenye mnada wa Sotheby's, Julai 2025, kwa euro milioni 8.6. Kiambishi kimoja tu kinatenganisha mtu na kitu. Mwaka 2015 Jane Birkin mwenyewe aliitaka Hermès iondoe jina lake kwenye mikoba ya ngozi ya mamba, mpaka mamba hao watakapotendewa vizuri zaidi. Kampuni ilichunguza, naye akaridhika na hatua zilizochukuliwa. Lakini ombi lake lina maana kwetu: mtu alisimama akasema kwamba jina lililopo ndani ya «iliuzwa» bado ni lake yule wa «alifariki».

Na sokoni kwetu?

Tusidhani kutaja vitu ni ufundi wa Paris tu. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa 1846, hutengeneza vitambaa vya wax, lakini mengi ya majina yanayoviuza yametungwa na wanawake wachuuzi wa Afrika. Kipo kitambaa kiitwacho *Six bougies*, kumsifu mwanamke mwenye gari la injini kubwa. Kipo hata *Sac de Michelle Obama*, chenye picha za mikoba. Hermès hulinda jina lake kwa sheria. Mchuuzi aliyetunga jina zuri hurudi nyumbani na faida ya pande alizouza siku hiyo, basi.

Suala hili linatugusa pia mfukoni. Mwaka 1896 Georges Vuitton alibuni nembo ya herufi LV ili kuzuia waigaji, na leo nembo hiyo ni miongoni mwa zinazoigwa zaidi duniani. Anayenunua sakoshi bandia sokoni anapata ngozi ya plastiki na herufi mbili. Herufi ndizo alizolipia. Mwanafunzi anayetoa pesa ya minerval kwa ajili ya herufi hizo afahamu amenunua nini: alama inayosema jambo juu yake mbele ya wenzake, nayo itanyamaza msimu ukibadilika.

Kazi imebaki kwetu. Majina ambayo mama zetu wanayapa masakoshi na vitambaa katika soko la Kenya hapa Lubumbashi hayamo katika kamusi, na hubadilika upesi. Daftari, kalamu na Jumamosi chache zinatosha kuanza kuyakusanya: jina, kitu, aliyelitaja, ngeli yake na maana yake. Mwalimu wa leksikolojia akipata orodha hiyo atakuwa na mifano yetu wenyewe ya kufundishia, na jina la mtungaji litabaki kando ya neno lake.