IWO JIMA: KISIWA KIDOGO KILICHOMEZA MAELFU

Katika Bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 1,200 kusini mwa Tokyo, kiko kisiwa kiitwacho Iwo Jima, yaani Kisiwa cha Kiberiti. Urefu wake ni kama kilomita 8 tu. Hakina mto wala kijito. Ardhi yake ni ya moto, nayo hutoa moshi wenye harufu ya kiberiti. Wenyeji wake, wapatao 1,000, walikinga maji ya mvua, wakalima miwa na kuvua samaki. Kwa nini basi mataifa mawili makubwa yalimwaga damu nyingi kwa ajili ya mahali kama hapo?

Ndugu msomaji, jibu limo katika ramani. Mwaka 1944 Wamarekani waliviteka visiwa vya Mariana, wakajenga humo viwanja vya ndege kubwa za mabomu, B-29. Kutoka huko hadi Tokyo ni kama kilomita 2,400, na Iwo Jima iko karibu na katikati ya njia. Wajapani waliokishika kisiwa hicho waliziona ndege hizo kwa rada, wakaupasha habari mji wao mapema. Kadhalika, ndege zao zilikitumia kisiwa hicho kushambulia viwanja vya Mariana. Kwa Wamarekani, kukitwaa kulikuwa ni kuliondoa jicho la adui na kupata kituo cha ndege zilizoharibika njiani.

Ulinzi wa kisiwa alikabidhiwa Jemadari Kuribayashi Tadamichi. Yeye aliwahi kuishi Marekani, akazijua nguvu za viwanda vyake, na hakutarajia kurudi nyumbani. Katika barua kwa mkewe alisikitika kwamba aliondoka kabla ya kutengeneza sakafu ya jikoni iliyokuwa ikipitisha baridi. Hata hivyo, aliwaamuru askari wake wapatao 21,000 wachimbe mahandaki chini ya ardhi hiyo ya moto, akawakataza kujitupa ovyo mbele ya bunduki za adui. Nia yake ilikuwa kumchelewesha adui.

Wamarekani waliteremka pwani tarehe 19 Februari 1945. Siku nne baadaye walipandisha bendera juu ya mlima Suribachi, na picha ya tukio hilo ikaenea duniani. Wengi walioiona walidhani vita vimekwisha, kumbe viliendelea hadi tarehe 26 Machi. Wamarekani karibu 6,800 walipoteza maisha. Kwa upande wa Wajapani, waliosalia hai hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Jemadari mwenyewe alifia humo.

Je, faida ililingana na gharama? Ndege ya kwanza ya B-29 iliyopatwa na matatizo ilitua huko tarehe 4 Machi, vita vikiwa bado vinanguruma, na baada yake zikatua nyingine zaidi ya 2,000. Wapo wanahistoria wasemao kwamba maelfu ya wanahewa waliokolewa. Wengine hujibu kwamba nyingi ya ndege hizo zilitua kwa kutia mafuta au kwa matengenezo madogo tu, wala zisingepotea. Ubishi huo haujakwisha.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwezi Julai 1944 wenyeji walihamishwa kwenda Japani, isipokuwa wanaume zaidi ya 100 waliobakizwa kulitumikia jeshi, na wengi wao walikufa. Mwaka 1968 Marekani ilikirudisha kisiwa kwa Japani, lakini kikafanywa kituo cha ulinzi. Wenyeji na watoto wao huruhusiwa kuzuru makaburi tu, kisha huondoka. Mabaki ya Wajapani zaidi ya 10,000 bado yamo ardhini.

Hivyo kisiwa kilichogombewa kwa sababu ya njia ya ndege hakijarudishiwa watu waliokuwa wakikinga humo maji ya mvua na kupika chakula cha watoto wao.